Nairobi hadi New York: usitoe saa za tiketi

Swali hili tunaulizwa sana hapa ofisini: mbona tiketi inaonyesha kwenda ni muda wa saa 8, na kurudi ni saa 21?

Tuchukue mfano. Ndege inaondoka JKIA saa 23:45 na kutua JFK saa 07:45 asubuhi. Ukitoa, unapata 8. Lakini tiketi huandikwa kwa saa za kila mji, na kuanzia Machi hadi Novemba New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Kwa hiyo safari yenyewe ni saa 15. Wakirudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti inakuwa saa 8 hadi Jumapili ya pili ya Machi. Kenya hatubadilishi saa zetu.

Kurudi ni kinyume chake. Unapanda ndege adhuhuri, unatua Nairobi saa tatu asubuhi ya kesho yake, na hewani umekaa kama saa 14 tu. Ile saa moja inayopungua ni kazi ya upepo mkali wa juu, ambao juu ya Atlantiki huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma.

Umbali kwa njia fupi kabisa ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka njia hii moja kwa moja Oktoba 2018. Ukipitia Dubai, unaruka kwanza kama kilomita 3,550 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha zaidi ya 11,000 nyingine, jumla kama 14,600, na bado hujahesabu kungoja ndege ya pili. Nauli ya huko inaweza kuwa nafuu, na kwa kijana mwenye begi moja huenda ikafaa. Mama mzee anayekwenda kumwona mjukuu, sisi tunamshauri ndege ya moja kwa moja kama mfuko unaruhusu. Kuhama ndege usiku wa manane katika uwanja mkubwa usioufahamu kunachosha hata vijana.

Muda halisi ni muhimu zaidi kwa anayetumia dawa kwa saa maalumu, hasa insulini. Mwonyeshe daktari muda wa kukaa hewani pamoja na tofauti ya saa kabla ya kusafiri, na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

Jambo moja limewakosesha watu safari: tarehe. Tiketi ikisema saa 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Uwe uwanjani tarehe 14, kufikia saa tatu na nusu usiku. Ukiwa na shaka, tutumie picha ya tiketi yako, tutakuandikia saa zote za safari kwa saa za Nairobi na za huko uendako.