Mjusi wa chini ya majani naye ni wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimsemee kiumbe asiye na wa kumsemea. Ni mjusi mdogo, mwembamba, magamba yake laini yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Vijiguu vyake ni vifupi mno, hata akikurupushwa hujipindapinda kama nyoka. Makaazi yake ni udongo na majani makavu. Wataalamu walimwita Lygosoma pembanum, jina lililochapishwa mwaka 1913 kwa heshima ya kisiwa chetu cha Pemba. Yuko pia pwani ya bara, lakini jina kalipata kwetu. Na mimi, mzaliwa wa Konde, nimelisikia uzeeni!

Kinachoniuma ni namna anavyokufa. Vijana wakimfukua wakati wa kupalilia humpiga jembe wakidhani ni nyoka. Wakigundua kuwa ni mjusi, ndiyo kabisa, maana tumekuzwa kumwua mjusi kafiri. Sitaki kufungua mjadala wa dini gazetini. Nasema tu kwamba mjusi kafiri tumjuaye ni yule wa ukutani, mwenye vidole vya kunata. Huyu hana haja na kuta zetu. Hana sumu, na chakula chake ni wadudu wa humo humo shambani.

Kibaya zaidi ni moto. Tukisafisha chini ya mikarafuu kungojea mavuno, majani hurundikwa yakachomwa pamoja na waliomo. Mwitu wa asili wa Pemba uliobaki wa maana ni Ngezi. Sehemu kubwa nyingine ya mwitu ilishageuka mashamba zamani. Basi shamba langu na lako ndiyo mwitu wake sasa.

Popo wa Pemba mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Watu wa Kidike na vijiji vingine wakamlinda, na kufikia 2008 hali yake ikatajwa kuwa nafuu. Lakini popo akiruka wakati wa magharibi kila mtu humwona. Mjusi huyu haonekani mpaka jembe limfikie.

Walimu wa skuli wakiwapeleka watoto Ngezi, wasiishie kwenye mivule na mipapindi. Wawainamishe, wafunue majani taratibu, kisha wayarudishe yalivyokuwa. Nasi wakulima tuyaache majani yaoze pembeni. Lundo langu la mwaka huu liko ukingoni mwa shamba, upande wa bondeni, na wajukuu nimewakataza kulitia kiberiti.

Mkulima wa karafuu,
Konde, Pemba