Moyo umepimwa ukaonekana mzima, ila kaka yangu bado nashindwa kumsamehe. Naombeni ushauri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mnisome mpaka mwisho, kanisani kwetu naogopa kulisema hili maana mimi ni mwalimu wa kwaya na watu wanajua niko vizuri tu.

Wiki 3 zilizopita niliamka saa tisa usiku kifua kimebana kama mtu amenikalia, jasho linatoka, mkono wa kushoto una ganzi na moyo unaenda mbio mpaka nausikia masikioni. Mume wangu akanikimbiza hospitali. Presha ikasoma 178 kwa 108, nikabandikwa zile waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, damu ikachukuliwa na wakasema watachukua tena baada ya masaa kadhaa, kwa sababu kile kitu wanachotafuta kwenye damu, troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia, huwa kinachelewa kupanda kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Sasa hayo masaa ya kusubiri jamani. Nilijua nitawawaza watoto, nikajaribu hata kuwaombea, lakini kila nikifumba macho namuona kaka yangu.

Kaka yangu sijaongea naye miaka 6. Mama yetu aliugua muda mrefu na mimi ndiye niliyemuuguza, nikimgeuza kitandani, nikimuogesha, nikilala chini pembeni yake, na kaka alikuwa anapiga simu tu kila mara anasema nakuja wiki ijayo. Hakuja. Alikuja msibani, akasimama mbele ya waombolezaji akasema "tulimuuguza mama yetu mpaka pumzi ya mwisho." TULImuuguza. Ile "tu" ndiyo imenikaa kifuani miaka yote hii, wala sijui kama yeye mwenyewe anakumbuka kama aliitamka. Tangu siku hiyo simu zake sikupokea, meseji sikujibu, mwaka wa pili akaacha kutuma. Kwaya nikaendelea kufundisha, meza ya Bwana nikaendelea kushiriki, nikijiambia mimi sina ugomvi na mtu, nimekaa mbali tu kulinda amani yangu.

Basi pale kitandani, ile mashine inalia pembeni, nikamwambia Mungu ukinitoa humu nikiwa hai nitamtafuta kaka yangu na nitamsamehe. Nililitamka kwa mdomo kabisa, mume wangu alisikia.

Asubuhi daktari akaja na majibu ya damu ya pili akaniambia "mama, hakuna dalili ya shambulio la moyo, moyo wako uko safi, ila presha yako iko juu na inaelekea imekuwa juu siku nyingi bila wewe kujua." Kila mtu akafurahi, mimi nikalia na wakadhani nalia kwa furaha. Moyo wako uko safi. Mimi ambaye ile Zaburi ya 51, Ee Mungu uniumbie moyo safi, nimewafundisha watu sauti zote nne.

Nikarudi nyumbani na dawa za presha. Siku ya kwanza nikashika simu nikasema nikipata nguvu nampigia. Siku ya tatu nikapata nguvu, nikasema kesho. Wiki ikaisha na kadiri kifua kilivyokuwa chepesi ndivyo ile hamu ya kumtafuta ilivyokuwa inaondoka, na hasira ikarudi mahali pake pale pale. Kuna siku nasoma Kutoka 8:15, pigo la chura lilipoondolewa Farao akaona pana nafuu, akaufanya moyo wake kuwa mzito, nikaifunga Biblia. Yaani ni mimi kabisa, chura wameondoka na mimi nimerudi kuwa vile vile.

Nikamshirikisha dada mmoja wa maombi, akaniambia presha yote ni ya kutokusamehe, nisamehe niache dawa, nitapona. Dawa naendelea kumeza kila asubuhi na hilo siliombei ushauri, marehemu mama alikuwa na presha na daktari alinieleza vizuri kwamba huwa inakwenda na ukoo, na pia chumvi, uzito, kukaa bila mazoezi. Sitaki mtu aniambie kwamba Mungu alinibana kifua kunikomesha, siamini hivyo. Ninachoamini ni kwamba usiku ule nilionyeshwa kilichomo ndani yangu na sasa siwezi kusema sikukiona.

Shida yangu ni hii. Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mimi nimeweka. Lakini niliweka kwa hofu ya kufa, na leo nikimpigia kaka nikamwambia nimekusamehe nitakuwa namdanganya, kwa sababu sijamsamehe, bado nikiikumbuka ile sauti yake msibani mikono inatetemeka. Mume wangu anasema piga tu, moyo utafuata nyuma, kusamehe ni uamuzi. Mimi naona kama ni unafiki mwingine juu ya ule wa kwaya.

Halafu sijui hata nianzie wapi. Nikimwambia nililazwa ataona namtafuta kwa sababu ya ugonjwa, atakuja mbio na huruma na tutalia na lile la mama litafunikwa tena. Nikianza na la mama naogopa tutagombana na presha ipande. Na kuna kitu kingine ambacho sijamwambia mtu, zile meseji zake za mwanzo sikuzifungua, sijazifuta, zipo. Inawezekana aliomba msamaha miaka 5 iliyopita na mimi sijui. Naogopa kuzisoma kuliko nilivyoogopa majibu ya damu.

Waliowahi kupita hapa, ulimtafuta mtu kwanza au ulisubiri mpaka moyo ulainike? Na hizo meseji nizisome kabla sijampigia, au nimpigie bila kuzisoma? Jumapili ijayo ni meza ya Bwana na safari hii sijui kama nitaweza kunyanyuka kwenye kiti.