Mafundi, msifunge bodi moja kwa moja kwenye chesi ya Unimog

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na mafundi wenzangu wa bodi pamoja na hawa wenye hela zao wanaonunua malori ya zamani ya jeshi ili wayageuze nyumba za safari, maana huku Arusha naona gari nzuri zinaharibiwa na inaniuma kweli.

Ninayoiongelea hasa ni Unimog, lori la Mercedes la kupanda porini, ile U1300L iliyotoka jeshi la Ujerumani. Hizi jeshi lao lilishaziuza nyingi tu, wanunuzi wanazifanyia matengenezo wanashuka nazo Afrika, na zikifika huku kuna zinazoingia gereji kubadilishiwa bodi. Ni gari na nusu bwana. Injini ni OM352, silinda 6, karibu lita 5.7, ukoo mmoja na ile ya lori la Mercedes 1113, haina kompyuta hata moja na pampu yake ya dizeli ni chuma tupu, fundi mwenye akili anaihudumia popote. Ekseli zimekaa juu ya katikati ya tairi na kila hab, yaani kitovu cha gurudumu, ina gia zake ndani, ndo maana difu lake, lile boksi la gia katikati ya ekseli, halisugui mawe kirahisi. Ina difu loki, inayofanya tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja, mbele na nyuma, springi za koili, breki za diski matairi yote manne. Mwendo sio wake, kilomita 80 kwa saa hivi na kelele juu, lakini porini utaisahau hiyo 80.

Sasa tatizo linakuja kwenye chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote. Unimog aliibuni Mjerumani Albert Friedrich mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, ilikuwa mashine ya shambani, na toka enzi hizo chesi yake imeachwa ijipinde makusudi ili matairi yote manne yakanyage ardhi hata penye mashimo. Ipeleke korongoni halafu simama nyuma yake, utaona kebini imelalia kulia na nyuma imelalia kushoto, chesi inasokotwa katikati kama nguo inayokamuliwa. Ndo kazi yake hiyo. Halafu anakuja fundi aliyezoea Fuso, anachomelea fremu ya paipu nzito, anaibana chesini kwa yu-bolti toka mbele mpaka nyuma, anakaza kwa nguvu zake zote na anamwambia bosi hii haitikisiki. Ni kweli haitikisiki, ila chesi bado inataka kujipinda na haina pa kwenda.

Moja niliiona imerudi toka njia ya Engaruka kwenda Natron. Mlango wa bodi ulikuwa haufunguki mpaka gari isimame pa tambarare, silikoni ya madirisha imechanika yote, vumbi limejaa mpaka ndani ya magodoro, na huko chini palikuwa na ufa umeanzia kwenye tundu ambalo mtu alilitoboa kwa drili sehemu bapa ya juu ya chesi. Kwa macho hauonekani. Ukitaka kuuona safisha chuma, paka mafuta ya taa, yaache yaingie, futa vizuri halafu paka unga wa chaki, baada ya muda mafuta yaliyojificha ndani yanatoka yanachora mstari kwenye chaki na hapo hakuna ubishi tena. Mwenye gari alipouona mstari ule alikaa chini kabisa, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba bodi ishushwe yote.

Njia sahihi inajulikana miaka mingi na wala haihitaji mashine za ajabu. Bodi inakaa juu ya fremu yake yenyewe ngumu isiyopinda, halafu fremu hiyo inashikwa na chesi sehemu tatu tu, mbili za mwisho mmoja wa gari ni imara, kushoto na kulia, na mwisho wa pili ni pini moja nene katikati yenye bushi, inayozunguka. Au sehemu nne kwa mpangilio wa almasi, pini moja mbele katikati, moja nyuma katikati, na mbili ubavuni. Chesi inasokotwa huko chini, bodi juu imetulia. Kwa malori ya jeshi yenye chesi nyoofu zisizojipinda sana unaweza kukaza nyuma na kuweka springi mbele, ila kwa Unimog mimi naomba pini. Na matundu tumia yaliyopo, ukilazimika kutoboa toboa ubavuni, kamwe sio juu wala chini. Kabla ya kuchomelea chochote chomoa waya za betri, umeme wake ni volti 24 na alteneta haisamehi.

Lingine ni uzito, na hapa wenye gari ndo mnatukaba sisi mafundi. Jeshi lilihesabu gari hii ibebe tani 2. Bati la milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo boksi la mita 4 kwa 2.2 kwa 2 ni kama kilo 500 za bati peke yake, paipu bado. Ongeza maji lita 200, dizeli ya akiba lita 300 ambayo ni kilo 250 hivi, spea tairi, friji, betri, kitanda, watu, halafu bosi anasema na pikipiki nyuma. Haiwezekani jamani. Jengeni kwa paneli za povu zenye ngozi nyepesi pande zote mbili, na maji yakae chini katikati ya ekseli, sio nyuma kabisa.

Hab zote nne kila moja ina oili yake peke yake, kwa hiyo zipimwe moja moja, sili ikivuja utaona upande wa ndani wa tairi pamelowa. Na rangi ya kijeshi itolewe, itawapunguzia maswali mengi mipakani na kwenye vizuizi.

Kwa wenye magari, kabla hujamaliza hela ya fundi, na kabla hata rangi haijapigwa, mwambie apandishe tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya magogo imara, sentimita 40 hivi. Gari ikiwa imepinda hivyo ingia ndani, fungua na kufunga mlango, fungua madirisha yote, angalia kama bodi inagusa kebini au tairi. Mlango ukigoma, hela iliyobaki usitoe mpaka bodi ishuke na ifungwe upya.

Fundi bodi, Arusha