Kulwa, umeniuliza salamu zinasomewa nini

Mikindani, Mtwara
12 Novemba 2022

Mpendwa Kulwa,

Salamu nyingi mno, kama mchanga wa pwani. Mimi hapa ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu. Yule mtoto wa jirani uliyemnunulia ming'oko, vile viazi pori vya huku, pale stendi sasa yuko darasa la tatu, na bado anakuulizia. Huko Mwanza hawajambo? Bibi miguu imepoa?

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukujibu. Ujumbe wako ulinikuta kwenye gari nikitoka Newala: "Somoe, hivi kweli mtu anasomea shahada ya pili kwa ajili ya salamu?" Nikaanza kukujibu kwenye simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Jambo lenyewe halitoshi mle. Nimekaa barazani na karatasi.

Hebu tazama aya yangu ya kwanza. Ukiichuja, utapata habari moja tu, ya mtoto kufika darasa la tatu. Mengine yote unayajua, na mimi najua kuwa unayajua. Lakini ningeanza na "Nimeona ujumbe wako", ungeisoma barua umekunja uso, ukijiuliza umenikosea nini. Maneno yale hayakukuletea habari. Yalikukaribisha, yakakukalisha kitako.

Kuna mwanaanthropolojia mmoja Mpolandi, Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand, kule Papua Guinea Mpya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 aliandika kwamba maongezi mengi ya watu kazi yake si kupeleka habari, ni kuwafunga watu pamoja. Nilipomsoma mara ya kwanza nilifurahi kama niliyeokota kitu changu kilichopotea. Baadaye nikaanza kumdai. Kwa maelezo yake, mtu akiuliza "habari", jibu halina uzito, muhimu ni sauti za watu kukutana. Kulwa, huku kwetu jibu lina uzito. Nikupe mfano wa nyumbani.

Mwezi wa sita mjomba alikuja kutoka Kitangari. Alipiga hodi saa tatu asubuhi. Mama akamtandikia mkeka, akamletea maji. "Habari za huko?" "Nzuri." "Watoto?" "Hawajambo." "Mikorosho mmeanza kupuliza?" "Tumeanza, salfa ndiyo kidogo." Mjomba akanywa maji polepole, kikombe kizima, akakiweka chini. Ndipo akasema, "Dada, mama mdogo ametutoka usiku."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona mama akikaza khanga kiunoni kabla neno lile halijatoka. Alikaza pale pale kwenye "hawajambo". Baada ya arobaini nikamwuliza mjomba kwa nini alisema nzuri wakati maiti iko ndani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ulitaka niseme nini na mama yako amesimama?"

Neno "nzuri" lilimkalisha mama. Lilimpa muda wa kukaza khanga. Nani atasema jibu lile halikuwa na uzito? Wala mjomba hakudanganya, kwa sababu mama alisikia kila kilichokuwemo. Ningeweza kuandika tasnifu nzima juu ya kikombe kile cha maji.

Halafu kuna shikamoo. Sisi tulifundishwa kuwa ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, basi, tukaishia hapo. Mwaka 1974 Judith Irvine, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha makala juu ya salamu za Wawolofu wa Senegali, na makala ile imenisumbua mwaka mzima. Anasema kwa Wawolofu anayeanza kusalimu anajishusha, na kwa kujishusha anamtwika mwenzake ukubwa. Na mkubwa anatarajiwa kutoa. Kwa hiyo wapo wanaowahi kusalimu ili wawe chini, na wapo wanaojitahidi wasipandishwe, kwa sababu ukubwa una gharama.

Nilikuwa nayo kichwani siku niliyosimama kwenye foleni ya ofisi moja huku Kusini, watu wanafuatilia salfa ya ruzuku. Mbele yangu alikuwepo mzee wa miaka sabini hivi, kofia mkononi. Dirishani kijana, sidhani kama amefika thelathini. Mzee akasema, "Shikamoo." Kijana, macho kwenye daftari, akaitika: "Marahaba."

Moyo uliniuma, nisikufiche. Nilitaka kupiga kelele. Yule ni wa umri wa mjukuu wake! Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akaegemea dirisha, akasema kwa utulivu, "Baba, umeitika. Mkubwa akishaitika, anasikiliza." Foleni nzima ikasema "Eeeh." Kijana akainua uso. Kulwa, ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia mtu asubuhi ile. Akasimama, akamwamkia upya, sasa kwa mpangilio wake, akamtolea kiti nje. Jina la mzee halikuwemo kwenye daftari, na lilipatikana siku ya tatu tu. Lakini alisikilizwa.

Nilimfuata nje, chini ya mwembe. Nikamwuliza kama hakuona vibaya kumwamkia mtoto. Akasema, "Shikamoo haipungui, mwanangu. Korosho ndizo zinapungua."

Wenzetu wengi wanasoma shikamoo kama masalia ya utumwa, wanataka ifutwe. Naielewa hoja yao. Wanasema neno lenyewe lilitokana na kushika miguu, na mimi nisingependa kumshika mtu miguu. Ila nadhani wanaangalia neno lilikotoka, hawaangalii mikono ya anayelitumia. Mzee yule alilishika kama mtu anavyoshika jembe. Hata hivyo naona aibu ni yetu, kwamba mtu wa umri wake alihitaji jembe kupata haki yake dirishani.

Ya mnada wa korosho nitayapitia haraka, maana wewe mwenyewe ulishayaona. Unakumbuka ghalani kule Tandahimba, watu wamejaa hadi barabarani, masanduku ya zabuni yanafunguliwa, bei ya juu na bei ya chini zinasomwa, kisha kiongozi anauliza: "Wakulima, mmeridhia?" Ulinishika mkono uliposikia "Tumeridhiaaa!" ukasema ni kama kanisani. Ndivyo ilivyo. Mwanafalsafa wa Uingereza, J. L. Austin, alitoa mihadhara Harvard mwaka 1955, ikatoka kitabu mwaka 1962 yeye akiwa ameshafariki, akionyesha kuwa yapo maneno ambayo kuyasema ndiko kulitenda jambo lenyewe. Naahidi. Nimekuozesha. Wanawake wa Mikindani wanalijua hilo kwa machungu: likitamkwa "nimekuacha", mtu anafunga mizigo. Na mwaka 2018 wakulima walisema neno la upande wa pili, "hatuuzi", na korosho zikabaki maghalani, hadi mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata baada ya hapo ni marefu na yana machungu yake. Ninachotaka ulione ni lile neno moja, la watu ambao ukiwakuta mmoja mmoja watakwambia hawana sauti.

Sasa nikwambie lililonikalia kooni, maana hilo ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Msimamizi wangu wa chuo anataka tasnifu iwe na sura ya unyago, yale mafunzo ya mwali. Ana sababu: huko ndiko lugha inakofanya kazi nzito kuliko kokote. Wimbo unaimbwa, mwali haelewi, anaimbiwa tena, siku ya kutoka ameelewa na si mtoto tena. Mimi nilichezwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa bibi Newala, kwa hiyo nilidhani mlango uko wazi. Shule zilipofungwa mwezi wa sita nikaenda kwa kungwi wangu, yule aliyenifunda.

Siku mbili hakuniuliza lolote. Tulimenya muhogo. Nilimsaidia kutwanga kisamvu. Hakuuliza Dar, hakuuliza masomo, hakuuliza nimeolewa au bado. Usiku nililala nikijua nimemuudhi. Ni baada ya kurudi Mikindani ndipo nikasoma tena makala ya mwanaanthropolojia Keith Basso ya mwaka 1970, juu ya Waapache, wenyeji asilia wa Marekani, wa Cibecue, Arizona. Anaeleza wapi Waapache hunyamaza, na pamoja na mengine anasema mtoto akirudi nyumbani kutoka shule ya bweni, wazazi hawamrukii kwa maswali. Wanakaa kimya, wanamwacha aseme yeye, wanamsikiliza shule imemfanya nani. Nilifunika karatasi zile nikalia kidogo. Mwanamke yule hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama mji umemrudisha nani.

Siku ya tatu nilitoa simu, nikaiweka mkekani, nikamweleza ninachotaka kurekodi. Akasema, "Zima." Nikazima. Akasema, "Yale uliyapokea kwa masikio. Hukuyapokea kwa kalamu." Akaendelea kumenya.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita huku huku, Lindi, Masasi, Newala, ana fonografu, anarekodi nyimbo. Vita vya Majimaji vilikuwa havijaisha. Nimekuwa nikijiuliza: mgeni anakuja na askari, ana mashine ya kumeza sauti, anakwambia imba. Unampa wimbo gani? Naamini waliimba. Naamini pia kuwa zipo nyimbo ambazo hakuwahi kuzisikia, na hakujua kuwa hajazisikia. Na mimi, mjukuu wa watu wale, nilifika na mashine ndogo zaidi nikiamini kuwa damu ni kibali.

Nimeamua. Nyimbo hazitaingia. Nimemwandikia msimamizi kwamba nitaandika juu ya kukataa kwenyewe: nani anaruhusiwa kusema "zima", anasema kwa sauti gani, kinafuata nini, mkataliwaji anaondoka vipi bila kuvunjiwa heshima. Nilirudi kwa kungwi kumwomba ruhusa ya hilo pia. Alifikiri muda mrefu. Akasema, "Hilo andika. Wajue tulikataa." Msimamizi hajajibu, huu mwezi wa pili. Nina wasiwasi, Kulwa. Ada ya mwaka ujao haijatimia, na mtu asiye na data ana nini mbele ya jopo? Lakini nikifikiria kuziandika zile nyimbo kwenye karatasi atakayoisoma mtu yeyote mwenye mtandao, mkono unagoma. Ya utani misibani sitayagusa leo, hayo yanataka barua yake.

Sasa nina ombi, na ndiyo maana nimekuandikia wewe, si mwingine. Nataka kujua "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya kwenu. Umewahi kuniambia kwamba anayesalimu na anayeitika wote wanasema neno lile lile. Shikamoo na marahaba zinaonyesha nani yuko wapi. Mwangaluka kwa mwangaluka zinaonyeshaje? Je, ni goti ndilo linalosema? Goti linatangulia neno au linafuata? Na bibi akikutana na mwanamke wa rika lake njiani, nani anaanza, na anayechelewa kuanza anahesabiwa vipi?

Mwulize bibi. Lakini usiende na simu mkononi siku ya kwanza. Kaa naye, menyeni viazi vya michembe, umsikilize hata kama siku mbili zinapita bila swali. Akikwambia kuna kisichoandikwa, niandikie tu kwamba amekataa, na amekataa kwa maneno gani.

Mama amekufungia korosho za kubangua nyumbani, na ming'oko kidogo. Natafuta mtu wa kuaminika anayepanda basi la Dar, nitakutajia jina lake kwa simu ili umwambie binamu yako wa Ubungo akampokee. Ming'oko usiiache kwenye mfuko, itavunda.

Msalimie bibi sana. Mwambie Somoe wa Mikindani anamwamkia.

Ni mimi rafiki yako,
Somoe