Mama, kuhusu barafu

Helsinki, Finland, 30 Novemba

Shikamooni wazazi wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la Bibi limepata nafuu. Mimi sijambo kabisa. Kazi ya kuhudumia wazee inaendelea vizuri, ingawa mwezi huu zamu za usiku zimekuwa nyingi.

Mama, tangu uone ile picha ya nywele zangu zilivyokuwa nyeupe pembeni ya kofia kwa pumzi iliyoganda, kila ukipiga simu unaniuliza kwa nini nafanya mazoezi ya kukimbia nje, nisikimbie ndani kwenye mashine ya mazoezi. Unasema barafu itanivunja kiuno. Kwenye simu mtandao hukatika kabla sijamaliza kukueleza, ndiyo maana nimeamua kuandika, ili Baba akusomee taratibu.

Kwanza elewa giza la huku. Leo jua limechomoza karibu saa 3 asubuhi na litazama saa 9 na dakika kama 20 alasiri. Mtu anayetoka zamu ya usiku akalala mchana kutwa anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona jua. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona wenzangu wakinyong'onyea mmoja baada ya mwingine, hawali, hawapokei simu za nyumbani. Kukimbia ndiko kunakonitoa nje katika zile saa chache za mwanga. Mashine ya ndani inachosha miguu tu, mbele yako kuna ukuta.

Baba, wewe utafurahi ukijua ninakokimbilia. Nazunguka ghuba ya Töölönlahti, mzunguko wa kama kilomita 2, na jirani yake ndipo ulipo Uwanja wa Olimpiki. Ni hapohapo Emil Zátopek, yule mkimbiaji wa Chekoslovakia, alipochukua dhahabu tatu mwaka 1952: mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Na ni hapo Christopher Isegwe wetu wa Tanzania alipomaliza marathoni ya mashindano ya dunia mwaka 2005 na kuchukua medali ya fedha. Yeye alikimbia Agosti, hakukuwa na theluji, lakini kila nikipita pale kifua kinajaa. Mwaka 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, nilivaa fulana ya taifa juu ya nguo zangu nikazunguka ghuba nayo. Wenyeji wengi hawakujua kwa nini, na mimi sikujali.

Sasa hiyo barafu. Watu wa kwetu hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo hatari inavyozidi, kumbe sivyo. Inapofika nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji inakuwa kavu, inalia chini ya kiatu, na mguu unashika vizuri. Shida ni majira haya, mwanzo wa baridi, joto linapocheza kwenye sifuri. Mchana theluji inayeyuka, maji yanatandaa njiani, usiku yanaganda. Asubuhi unaiona lami ni nyeusi kama kawaida, kumbe ina ngozi nyembamba ya barafu usiyoiona. Barafu yenye maji juu yake ndiyo inayoteleza kuliko zote, na mbaya zaidi ni ile iliyofunikwa na theluji mpya, maana jicho linaiamini. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu upepo unayapoza juu na chini. Rangi nyeupe za vivuko na mifuniko ya chuma ya mitaro navyo naviruka.

Unakumbuka mteremko wa kwenda mtoni wakati wa masika, ulivyotufundisha kupita kwenye tope na ndoo kichwani? Hatua fupi, mguu unatua chini ya mwili wala si mbele yake, hugeuki ghafla. Mama, ndivyo ninavyokimbia hapa, hivyohivyo. Siangalii saa, sishindani na mtu. Kwenye kona natembea.

Miguuni nina viatu vya njumu, vyenye vichwa vidogo vya chuma kigumu vinavyouma barafu. Ni ghali, lakini hapa ndipo pa kutumia fedha, si kwenye jaketi la kifahari. Ila vikikanyaga sakafu laini ya dukani vinateleza vibaya, kwa hiyo havifai kuingilia ndani. Manispaa nayo humwaga kokoto ndogo kwenye njia za waenda kwa miguu, kisha huzifagia majira ya kuchipua yakifika. Na Taasisi ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari maalumu kwa wanaotembea kwa miguu siku njia zinapokuwa na utelezi mkali. Tahadhari hiyo ikitoka sikimbii, Mama. Siku ya mvua inayoganda ikigusa ardhi, hapo hata njumu siziamini, nabaki nyumbani nafanya mazoezi ya mgongo.

Nguo sivai za pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi mara tu unaposimama. Ndani navaa sufu nyembamba, juu koti jepesi la kuzuia upepo, halafu glavu na kofia inayoziba masikio. Ukitoka mlangoni unatakiwa usikie baridi kidogo. Ukitoka umeshapata joto, umevaa kupita kiasi. Nikirudi nabadilisha nguo zote kabla sijaketi. Kwenye mkono navaa rifleta, kile kipande kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari, na hiyo ni sheria ya nchi kwa kila atembeaye gizani, kwa sababu dereva hawezi kumwona mtu mweusi au mweupe aliyevaa nguo nyeusi saa 10 jioni.

Barafu ya juu ya ghuba siikanyagi. Wiki hizi bado ni nyembamba, na watoto wa hapa hufundishwa kuiogopa tangu wakiwa wadogo. Nakuahidi hilo kwa moyo wote.

Mdogo wangu, wewe unayekuja Januari kusoma, hayo hapo juu yasome mara mbili. Usinunue viatu vya baridi huko Arusha, wauzaji watakuambia vinafaa nawe utaamini. Pima unyayo wako kwenye karatasi, jioni, ukiwa umevaa soksi nzito, unitumie sentimita. Acha nafasi ya dole gumba mbele, kwa sababu kiatu kinachobana huzuia damu na vidole huganda haraka. Nataka ninunue kabla ya Krismasi, ili wiki ya kwanza ukifika nikutoe tukatembee kwanza, kukimbia baadaye.

Baba, mpe Bibi dawa yake kwa wakati, na fedha za hospitali nitatuma Ijumaa. Msalimieni shangazi na majirani wote.

Mwanenu awapendaye