Shukrani kwa dada aliyemsikiliza baba kwa lugha zake zote

Kwako dada uliyemfanyisha baba mazoezi ya kuzungumza, ukatuomba tusilitaje jina lako,

Baba yetu, mwalimu mstaafu, alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, akabaki na afasia: anaelewa mengi, lakini neno analolitaka haliji. Tulikuwa tumeshauriwa kwingine tuzungumze naye Kiswahili pekee ili asichanganyikiwe, nasi tukatii, tukaacha hata kumwamkia kwa Kichaga alichokulia, jambo linaloniuma hadi leo.

Wewe, kabla ya zoezi lolote, ulimuuliza mama ni lugha ipi baba alijifunza kwanza, ni ipi aliyofundishia, na husali kwa ipi. Ukatueleza kwamba mwaka 1895 daktari Mfaransa, Albert Pitres, alikwishaandika kuwa lugha za mgonjwa si lazima zirudi kwa pamoja, na kwamba mara nyingi hutangulia ile aliyoizoea zaidi. Kisha ukamwekea mbele picha ya kata, kile kibuyu cha kunywea pombe. Alikunja uso, akaigusa kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mbege," yaani pombe yetu ya ndizi. Mama alilia. Hukumsahihisha, ulilipokea neno lake, ukamuuliza ni nani huipika, naye akamnyooshea mama kidole.

Wala hukumkatiza alipochanganya Kichaga na Kiswahili katika sentensi moja, kwani ndivyo alivyozungumza maisha yake yote. Siku hizi ananiita kwa jina langu, na chai anaiomba mwenyewe.

Asante sana, dada. Baba naye ameniagiza nikuandikie neno lake la Kichaga la kushukuru: "Aika."