Umeniuliza kama kazi ya filamu inalipa

Kirumba, Mwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na mama anauliza utakuja lini ule sato wa kuchemsha. Barua yako imenifikia. Unasema umechoka kupiga video za harusi Dar, unataka kuingia kwenye filamu za makala, na unauliza kama zinalipa. Habari ya hela nitaifikia. Kwanza nikueleze ziwa hili letu la Victoria linavyofanyiwa kazi, maana hapo ndipo wengi wanaokuja na kamera wanapokwama.

Mwanza ilishapigwa picha ikaumia. Mwaka 2004 mwongozaji kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo zinazotua hapa kwetu. Ikafika hadi kuteuliwa kugombea Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaumu hadharani. Mpaka leo ukiingia mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kamera kubwa, kuna mzee atakuuliza, "Picha hizo unazipeleka wapi?" Mpe jibu lililonyooka, ana haki ya kuuliza. Mimi sisemi umaskini usionyeshwe. Mapanki, yale mafuvu na mifupa inayobaki kiwanda kikishachukua minofu, watu wanayakaanga na wanayala, na kila mtu hapa anajua. Ninachojiuliza kila ninapowasha kamera ni kama huyu mama anayekaanga, siku akijiona kwenye pazia, atasema "huyu ni mimi kweli."

Sasa nikupe mfano wa dagaa, maana ndiyo filamu ninayoifanya sasa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi hawaingii ziwani. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu, wengine wanarudi makwao kuona watoto. Giza likirudi, kambi inajaa tena. Shirika moja liliwahi kunituma nikapige makala ya "ziwa lililokwisha samaki", na tarehe walizonipangia ziliangukia mbalamwezi. Ningepiga ufukwe mtupu, mitumbwi imelala, vijana wanacheza bao, na mtazamaji angeamini kila kitu. Kila picha ingekuwa ya kweli na habari yote ingekuwa ya uongo. Niliwaomba wasogeze tarehe, wakakataa kwa sababu ya ripoti yao, nikaiacha kazi. Nasema hivi ili ujue kwamba kabla ya bajeti, kabla ya lenzi, uliza mwezi uko wapi.

Na usidhani ziwa halina shida. Linayo, tena kubwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 sheria inakataza kuvuliwa, lakini wadogo wanauzwa. Makokoro, zile nyavu za kukokota hadi ufukweni, yamepigwa marufuku na bado yanavutwa alfajiri. Mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, ile ya serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu haramu zilichomwa moto mchana watu wakitazama. Moshi ule ni picha nzuri sana, kila mtu aliupiga. Habari yenyewe iko kwa kijana anayelivuta kokoro. Wavu si wake, ni wa tajiri, na anadaiwa. Anajua anavua watoto wa samaki, na atakwambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Je, uso wake utauonyesha? Mimi siuonyeshi, hata akiniruhusu, kwa sababu ruhusa anayotoa leo akiwa na hasira na tajiri haitamsaidia siku anapokamatwa. Napiga mikono. Mikono ya mvuta kokoro ina alama za kamba kuanzia kiganjani mpaka kwenye kifundo, na inasema vya kutosha.

Filamu ikishapata umbo, hata kabla haijakamilika, nairudisha mwaloni. Shuka jeupe, jenereta, watu wanakaa mchangani. Mara ya mwisho akina mama waanikaji wa dagaa walisema, "Umetuonyesha tunafagia tu. Na pale tunapopigania bei ya ndoo alfajiri?" Nikaenda alfajiri. Ile sehemu ya mama mmoja anakataa ndoo isiyojaa, anaitikisa mpaka dagaa wanashuka na nafasi inaonekana juu, na muuzaji anaongeza kimya kimya, sasa ndiyo naipenda kuliko zote.

Hela, basi. Mshahara hakuna. Nakula kwa makala fupi za mashirika, harusi za Jumamosi (ndiyo, hata mimi) na kufundisha vijana kuhariri. Kibali cha Bodi ya Filamu utakilipia, cha droni ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na bado utapita ofisi ya kijiji na kwa viongozi wa mwalo. Kama unatafuta kodi ya nyumba tu, baki kwenye harusi, sitakulaumu. Lakini wewe una sikio. Nakumbuka ulivyokuwa unakisikia kinanda kilichopotoka kabla hata mpigaji hajajua. Mimi sauti inanishinda peke yangu: upepo wa ziwa, injini, watu wanane wanaongea kwa pamoja, Kiswahili na Kisukuma na Kikerewe.

Njoo giza lijalo. Nauli tutagawana, na utalala kwetu. Leta maikrofoni yenye manyoya na betri za ziada, maana kambini umeme ni wa sola na unagombewa na simu. Leta pia jaketi la kujiokolea la saizi yako, kwenye mtumbwi hayatoshi na bila hilo sikupandishi. Nijibu wiki hii, nimwambie mwenye mtumbwi atuwekee nafasi mbili.

Wako siku zote.